Ndege Mweusi, Maji Meupe

Ukimpiga picha mnandi akiruka juu ya maji, mara nyingi unarudi nyumbani na kipande cha mkaa chenye mabawa. Anga limetoka vizuri, maji yanameta, milima ya ng'ambo imekaa pale inapotakiwa, lakini ndege mwenyewe hana jicho wala manyoya, na mbele hakutofautiani na nyuma. Hapo ndipo wengi huanza kuulizia bei ya lenzi mpya. Mimi ningesema ubadili kwanza mahali unaposimama, na saa unayosimama hapo. Ndege mweusi huharibiwa na jua lilipo, upepo unakotoka na kile kilicho nyuma yake. Kamera inakuja baada ya hayo yote. Na kwa kujifunza hayo kwa gharama ndogo, sijui mji unaoushinda Rusizi, ambao wengi bado tunauita Cyangugu.

Rusizi haina bahari, na hilo halina neno. Ina kona ya kusini ya Ziwa Kivu, pale maji yanapopata mlango na kuwa mto unaoshuka hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kina chake kinazidi mita 470, na kingo zake zimesimama wima kiasi kwamba hatua chache kutoka ufukoni maji yameshakuwa na rangi nzito. Ndege weusi na walio karibu na weusi hawakosekani: mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe, mnandi mdogo mwenye mkia mrefu, mwewe wa mdomo wa njano, kunguru. Wanaruka karibu na watu kwa sababu samaki wako karibu na watu. Aliyemzoea mnandi wa Kamembe, katikati ya mji wa Rusizi, hataanza upya akifika Watamu au Bahrain.

Tuanze na jua. Ufuko wa Rwanda kwenye kona hii unatazama magharibi, kuelekea Bukavu. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na linamwangaza ndege upande unaouona wewe. Alasiri limehamia mbele yako, na kila kinachoruka ni kivuli. Basi la Kigali, lile linalopita Huye na kukatiza msitu wa Nyungwe, humshusha mgeni Kamembe mchana akiwa na hamu, naye huenda moja kwa moja ziwani na kamera. Kaa, kunywa chai, tembea bila kamera, tazama minandi wanatua wapi. Kazi ni kesho asubuhi.

Wala asubuhi yenyewe usiikimbilie kupita kiasi. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili, lakini milima iko nyuma yako, upande wa mashariki, na kivuli chake hulala juu ya maji ya karibu muda mrefu baada ya nyumba za Bukavu kuanza kung'aa. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote: ndege yuko kivulini, kilicho nyuma yake kiko juani. Subiri mpaka mwanga ufike kwenye maji ya karibu nawe. Mara nyingi ni kuanzia saa moja. Ukifika, una muda wa saa mbili hivi na si zaidi. Vitabu vya Ulaya husifu mwanga mlaini unaodumu asubuhi nzima, na huko waliko ni kweli, lakini sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Hapa jua hupanda kama linadaiwa, karibu nyuzi 15 kila saa, na ikifika saa tatu liko nusu ya njia kwenda utosini. Kuanzia hapo mgongo wa ndege unawaka na tumbo lake linazama gizani, na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Upepo nao una ratiba yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo asubuhi na mapema hewa hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Baadaye nchi ikipata joto, upepo hugeuka na kutoka ziwani kuja ufukoni. Ndege hutua na kuruka akielekea upepo. Kwa hiyo katika zile saa mbili za asubuhi, ukiwa ufukoni, upepo unakupiga mgongoni na mnandi anayekuja kutua anakuja akikutazama, jua likiwa usoni pake. Upepo ukigeuka, unaanza kupata mikia. Mimi huo ndio huwa wakati wangu wa kufunga mfuko, hata kama mwanga bado unafaa.

Sasa tumtazame ndege mwenyewe, kwa sababu tunasema "mweusi" kwa uvivu. Mnandi mkubwa aliyetulia juu ya mti wa kufungia mtumbwi, akiwa juani, si mweusi. Manyoya ya mgongo ni ya rangi ya shaba iliyochakaa, na kila unyoya una ukingo mweusi, kiasi kwamba mgongo mzima unaonekana umepangwa kwa magamba. Jicho ni la kijani. Shingo ikigeuka kidogo, unapita mng'ao wa buluu na kutoweka. Kisha kuna kifua cheupe, na hicho ndicho kitakusumbua. Mnandi mdogo ana jicho jekundu na mkia mrefu usiolingana na mwili wake. Mwewe ni kahawia kabisa, mkia umegawanyika, na ule mdomo wa njano ni zawadi, kwa sababu kamera hupata mahali pa kushika. Unapiga picha ili vitu hivi vionekane. Kama kwenye picha yako huvioni, umepiga umbo tu.

Kwa nini kamera humfanya mkaa? Kipimo chake cha mwanga hakijui mnandi ni nini. Kinatazama fremu nzima na kutaka wastani wake uwe kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Ndege mdogo mweusi kwenye anga jeupe: kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, ndege anakufa. Ndege yuleyule akishuka na kupita mbele ya mlima wa kijani uliokoza, kipimo kinaona giza jingi na kuongeza mwanga, na kile kifua cheupe kinaungua. Hapa Kivu mnandi mmoja katika safari moja hupita mbele ya anga, mbele ya mlima, mbele ya maji yanayometa na mbele ya maji meusi. Ukiiachia kamera iamue, utapata picha nne zenye mwanga wa aina nne.

Wengi wamefundishwa kutumia kitufe cha kujumlisha na kutoa, waongeze hatua moja au mbili ndege anapokuwa angani. Kinasaidia pale ambapo nyuma ya ndege hakubadiliki. Juu ya ziwa lenye milima, kidole hakiwezi kukimbia kiasi hicho. Fikiria hivi: jua linalomwangukia ndege ni lilelile, awe mbele ya anga au mbele ya mlima. Kinachobadilika ni kilicho nyuma yake tu. Basi pima mwanga mara moja, weka kamera kwenye herufi M, na uache kukisikiliza kipimo.

Kwa kuanzia, chukua hivi. Saa moja na nusu asubuhi, jua safi: ISO 800, tundu la lenzi f/5.6, shata 1/2000. Huo ni mwanga wa kumtosha ndege mweusi kwa manyoya yake, hata kama anga litapauka kidogo. Mnandi mkubwa akikuelekezea kifua, panda hadi 1/3200, kwa maana weupe ukishaungua hakuna programu itakayourudisha, ilhali weusi una nafasi ya kuinuliwa baadaye. Jua likizidi kupanda, fuata. Likifunikwa na wingu jembamba, shuka hatua moja na ujaribu tena. Huna uhakika? Elekeza lenzi kwenye nyasi zilizo katika jua lilelile, soma kipimo, kisha uongeze theluthi mbili za hatua. Na tazama ile grafu ya mwanga, usitazame picha iliyo kwenye kioo cha nyuma ya kamera: juani kioo hicho hudanganya kila mtu.

Wingu zito nalo lisikukatishe tamaa. Manyoya meusi hupenda mwanga uliotawanyika, kwa kuwa vivuli vikali hupungua na shaba ya mgongo hutokeza hata bila jua. Tatizo ni anga jeupe nyuma ya ndege. Hapo Rusizi inakupa kitu ambacho ufuko wa bahari hauna: mwinuko. Kamembe iko juu, maji yako chini, na katikati kuna mteremko wenye njia za miguu. Panda mita chache. Ndege uliyekuwa ukimpiga tumboni sasa yuko sawa na macho yako, au chini yako, na nyuma yake kuna maji ya kijani kibichi badala ya anga. Unaona mabawa kwa juu, yakiwa na mwanga. Nimewaona watu wenye lenzi kubwa kuliko miguu yao wakibaki chini kwenye matope kwa sababu huko ndiko "karibu na ndege". Ukaribu huo unawapa kidari chenye giza. Mteremko, na lenzi ya kawaida ya milimita 300, ungewapa ndege.

Ukishapanda, au ukiwa palepale chini, jifunze kumngoja. Manyoya ya mnandi hulowa maji kiasi, na ndiyo maana akitoka kuwinda hukaa juu ya jiwe au mti na kuyatandaza mabawa. Akiwa hivyo unaweza kupumzika, haendi popote. Ataanza kukunja mabawa, atageuka kuelekea upepo, atainama kidogo, na mara nyingi atajisaidia. Usicheke, hiyo ndiyo ishara ya kuaminika kuliko zote. Bonyeza shata nusu na ujiandae. Akiwa majini, huondoka kwa kukimbia juu ya maji, miguu ikipiga na kurusha matone, na hizo ni sekunde chache ambazo ndege mweusi huzungukwa na maji meupe yanayoruka. Maji yakiwa yametulia, piga chini uwezavyo, hata kwa kulala kifudifudi kwenye mbao za gati, ili kivuli chake majini kiingie chote.

Akisharuka, mnandi hupigapiga mabawa bila kupumzika. Mabawa yakiwa juu, mwanga huingia chini yake na mwili wote unaonekana. Yakiwa chini, yanaufunika mwili. Hiyo ndiyo faida ya kupiga mfululizo: unaweza kuchagua. Shata isishuke chini ya 1/2000 kwake. Mwewe ni mtu mwingine. Huyu huelea, hutumia mkia kama usukani, na 1/1000 humtosha. Usimpige anapoelea sambamba juu yako. Mfuate kwa lenzi, kidole kikiwa tayari, na ubonyeze anapopinda, kwa sababu hapo bawa moja hulala upande wa jua na kahawia yote hufunguka kwa muda usiozidi sekunde. Sijapata picha nzuri ya mwewe asiyepinda.

Fokasi nayo ina ukorofi wake. Mawimbi yanayometa yana mistari mingi kuliko ndege, na kamera hupenda mistari. Weka hali ya kulenga mfululizo, ile ambayo Nikon na Sony huiandika AF-C na Canon huiita Servo, na utumie eneo dogo la katikati badala ya kioo kizima. Mshike ndege akiwa bado mbali, umzoeze kamera, ndipo aje. Anayengoja ndege ajae kwenye fremu ndipo aanze kutafuta fokasi hupata picha nzuri za maji. Kamera mpya zinazotafuta jicho la ndege zenyewe zinafanya maajabu kwa korongo na furukombe, lakini kwa kichwa cheusi kilicho kivulini hupotea mara nyingi. Zikipotea, lenga pale rangi zinapokutana: ukingo wa kifua cheupe kwa mnandi, mdomo kwa mwewe.

Mahali pa kumkuta mwewe kwa wingi ni pale mitumbwi ya isambaza inaporudi. Huyu dagaa hakuwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika kuanzia mwaka 1959, na leo uvuvi wa ziwa umejengwa juu yake. Wavuvi hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa usiku kuwavuta samaki, na hurudi kunapokucha wakiimba. Mwewe hujua saa hiyo kuliko mtu yeyote. Waombe wavuvi ruhusa kabla ya kuinua kamera, maana hao wako kazini na wamekesha. Na kabla ya kupanga safari ulizia kama uvuvi umefunguliwa: kila mwaka husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane, na siku hizo gati hunyamaza na mwewe hutawanyika.

Kuna pia majira. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua haikusumbui, lakini vumbi na moshi wa mashamba hutanda juu ya ziwa na picha za mbali hupauka. Mimi huipenda asubuhi inayofuata mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa na milima ya Kongo ikionekana mti kwa mti.

Kumbuka pia kwamba uko mpakani. Daraja la Rusizi, kituo cha forodha, askari, uwanja wa ndege wa Kamembe: huko lenzi ndefu isielekee, hata kama mnandi bora wa maisha yako anapita hapo hapo. Mpaka wa majini hauna alama, kwa hiyo ukikodi mtumbwi, mwache mwenyeji aamue mwisho wenu uko wapi, na vaa jaketi la kuokolea. Droni inahitaji kibali, nayo huwafukuza ndege. Sioni faida yake kwa kazi hii.

Na alasiri, ile niliyoisema vibaya mwanzoni? Ina kazi moja tu, nayo si ndogo. Jua likishuka upande wa Bukavu, achana kabisa na manyoya. Pima mwanga wa anga, mwache ndege awe mweusi tii, na utafute umbo: shingo iliyonyooka, mabawa yaliyotengana na mwili, msururu wa minandi wanaorudi kulala. Mabawa yakigusana na mstari wa milima, picha imeharibika. Hata simu hufanya kazi hii vizuri. Kosa ni kutaka vyote viwili, manyoya na machweo, kwa ndege mmoja.

Nyumbani, kama umepiga kwa faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu, inua vivuli kidogo kidogo na usimame pale jicho na magamba ya mgongo yanapoonekana. Ukizidisha, mnandi anakuwa kijivu na chembechembe zinatapakaa. Kuna wanaodhani kila kona ya picha lazima ionekane. Mnandi ni ndege mwenye giza, na sehemu yake moja ikibaki gizani hajaonewa.

Siku utakayokwenda baharini, geuza ratiba. Pwani ya Kenya na upande wa mashariki wa Unguja hutazama mawio, kwa hiyo asubuhi ndiyo inayokupa vivuli, na alasiri ndiyo ya manyoya. Pale mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi, kuna shakwe wa kahawia iliyokoza ambaye kila ulichofanya kwa mwewe kitamfaa. Mbali zaidi, Fungu Mbaraka, kisiwa ambacho ramani nyingi hukiita Latham, kusini-mashariki ya Unguja, ndege wa bahari kuu wenye rangi ya kahawia na nyeusi huzaliana juu ya ardhi tupu. Huko usishuke kwa ajili ya picha, kwa sababu ndege akiinuka, yai hubaki juani. Wasomaji wetu walioko Ghuba wana bahati yao: mnandi wa Sokotra, ambaye hana kifua cheupe hata kidogo, huruka kwa makundi makubwa, na visiwa vya Hawar vya Bahrain ni maarufu kwa makoloni yake. Kwake ongeza mwanga bila hofu ya kuunguza weupe.

Ukiwa kwenye mashua, zungumza na nahodha kabla hamjaondoka gatini: unataka jua liwe nyuma yenu mnapowakaribia ndege, na injini ipungue mapema. Piga magoti katikati ya mashua, viwiko visiguse ubao, kwa sababu mtetemo wa injini hupanda hadi kwenye lenzi. Panda hadi shata 1/3200 kama mwanga unaruhusu. Mkirudi, kila kitu kifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kuanzia pete za lenzi hadi miguu ya kamera. Kivu haikukuzoeza chumvi.